MALI BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI

Hotuba ya Katibu Mwenezi kwa wanachama wa tawi, juu ya jamaa kuanzisha biashara ndogo kwa pamoja



Mmeniita niseme juu ya biashara ya nyumbani, yaani baba, mama, watoto na ndugu wanaokaa nao kuanzisha kazi yao wenyewe ya kuwapatia riziki. Neno hili ni jema, na kila mtu analisifu. Lakini sikuja kulisifu tu. Sote tumeona genge lililofunguliwa kwa shangwe mwezi wa kwanza, na mwezi wa nne mbao zake zimekuwa kuni. Tumeona cherehani iliyonunuliwa kwa jasho la miaka miwili ikiuzwa kwa siku moja. Ukiuliza sababu, jibu ni lile lile: “Mtaji umekatika.” Mtaji si kamba, ndugu zangu, haukatiki wenyewe. Upo mkono uliouchukua, na mara nyingi ni mkono wa nyumbani.

Nalisema neno langu mapema ili yeyote atakayesinzia asilikose: biashara ya jamaa haiuawi na uchache wa mtaji peke yake. Huuawa kwa kutia fedha ya nyumba na fedha ya biashara katika mfuko mmoja, na kwa kudhani kwamba kwa kuwa sisi ni ndugu, hatuna haja ya kuhesabiana.

Kwanza, yafaa niwajibu wale wasemao kwamba biashara si kazi yetu. Fikira hiyo ina asili yake. Katika Tanganyika ya Waingereza ilikuwapo sheria ya 1931 iliyobana mikopo kwa Waafrika. Mtu asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika bila idhini ya serikali, hakuweza kumdai mahakamani. Walisema ni kumlinda Mwafrika asilemewe na madeni. Lakini ni nani mwenye bidhaa au benki atakayemkopesha mtu asiyeweza kumdai? Hivyo mwenye duka la jumla alimpa Mwafrika bidhaa kwa fedha taslimu tu, na duka la Mwafrika likabaki na sabuni mbili na kopo la chumvi. Kisha watu wakatucheka, wakisema Mwafrika hajui biashara.

Baada ya Uhuru wa 1961 sheria za namna hiyo hazikuwa na nafasi tena, lakini mashaka yalibaki kwa njia nyingine. Azimio la Arusha la 1967 lilipiga vita unyonyaji, na lilifanya vema. Lakini wako walioelewa kwamba kila mwenye duka ni mnyonyaji. Katika 1976 ikaja Operesheni Maduka. Maduka ya watu binafsi vijijini yakafungwa ili maduka ya kijiji yashike nafasi yake, na mahali pengi maduka hayo ya kijiji hayakuwa tayari. Bidhaa zikaadimika. Na miaka ya 1980, mshahara wa mwezi uliposhindwa kulisha nyumba, ni akina nani waliotuokoa? Ni mama zetu, waliokaanga vitumbua, wakafuga kuku, wakauza barafu mlangoni. Hawakungoja ruhusa ya mtu. Watoto walikula, wakavaa sare, wakaenda shule. (Makofi.)

Kwa hiyo nasema wazi: jamaa wanaofanya kazi kwa mikono yao, wakauza walichokitengeneza kwa bei ya haki, hawamnyonyi mtu. Neno lenyewe ujamaa limetoka katika jamaa, na Mwalimu Nyerere alipolieleza katika kijitabu chake cha 1962, alianzia hapo hapo. Lakini jihadharini na unyonyaji mwingine, ule wa ndani ya nyumba. Ikiwa mama anaamka saa kumi ya usiku kukanda unga, na jioni baba anaikunja fedha yote na kuitia mfukoni bila kusema neno, huo nao tuuite nini? Hatuwezi kumkemea bepari wa mbali na kumwacha yule tuliyemkalisha kwenye kiti cha uvivu barazani petu.

Sasa niingie katika hesabu, maana mimi nilisomea ualimu, na mwalimu hapati raha mpaka aandike ubaoni. Tuchukue biashara iliyo ndogo kabisa, maandazi. Bei nitakazotaja ni za mfano tu. Kila mmoja ataweka bei za soko lake.

Unga kilo 2, shilingi 3,600. Sukari nusu kilo, 1,400. Mafuta, 2,500. Hamira na iliki, 500. Mkaa, 1,000. Jumla ni shilingi 9,000. Unga huo unatoa maandazi 80. Ukiuza kila moja kwa shilingi 200, unapata 16,000. Toa 9,000 ya kesho, inabaki 7,000. Hiyo ndiyo faida, na kwa nyumba yenye njaa si fedha ndogo.

Lakini tazameni siku inavyokwenda katika nyumba isiyo na daftari. Watoto wamekunywa chai kwa maandazi 10. Shemeji amepita na rafiki zake, wamekula 5. Jirani amechukua 10, atalipa mwisho wa mwezi. Hayo ni maandazi 25, yaani shilingi 5,000. Kibweta kina 11,000 badala ya 16,000. Saa nane baba anakuja, anachukua 3,000 ya mboga na nauli. Zimebaki 8,000. Kesho zinatakiwa 9,000. Mama anafanyaje? Anapunguza unga, au anapunguza andazi. Mteja anaona andazi limekuwa dogo, anahamia kwa mwingine. Baada ya wiki mbili karai linaning'inizwa ukutani, na watu wanasema, “Maandazi hayalipi.”

Si kweli, ndugu zangu! Maandazi yalilipa. Yaliwanywesha watoto chai, yakamkirimu shemeji, yakampa baba nauli, yakamkopesha jirani. Kwa siku moja biashara ilitoa shilingi 8,000 na faida yake ni 7,000. Kila siku mlikula shilingi 1,000 ya mtaji, na hapana aliyejua, kwa kuwa hapana aliyeandika. Wazee walikwisha sema: mali bila daftari hupotea bila habari. Angalieni vizuri, hawakusema hupotea kwa mwizi. Wamesema bila habari.

Wako watakaouliza kama hesabu ni mambo makubwa ya kuleta katika mkutano wa chama. Nawakumbusha wakulima wa pamba wa Usukuma. Walikuwa wakipeleka pamba kwa wanunuzi na kupunjwa kwenye mizani. Mkulima aliujua uzito wa mzigo kwa bega lake, lakini mwenye kusoma mizani alikuwa mwingine. Kilio hicho cha mizani ni mojawapo ya mambo yaliyowaunganisha katika vyama vyao mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakiongozwa na akina Paul Bomani, na katika 1955 ukaundwa muungano mkubwa wa vyama vya ushirika, ule wa Victoria. Jambo kubwa kama hilo liliota penye swali dogo: ni ratili ngapi? Basi daftari ni mizani ya nyumba. Asiyejua kusoma mizani yake mwenyewe atasomewa na wengine.

Sasa tufanyeje? Nina maneno matano ya kuwaomba.

La kwanza, nunueni daftari la shilingi chache kabla ya kununua karai. Chora mistari mitatu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Kila jioni, kabla ya kulala, mtu mmoja aandike na mwingine atazame. Kama mama hajui kuandika, mtoto aandike na mama ahesabu fedha, maana katika kuhesabu fedha mama hana mwalimu. (Kicheko.) Na kinacholiwa nyumbani kiandikwe pia. Sisemi watoto wasile maandazi. Nasema yaandikwe kama yaliyouzwa kwa nyumba, na nyumba iyalipe.

La pili, gaweni faida kwa mpango, msigawe kwa njaa ya siku ile. Katika ile 7,000 ya mfano wetu mnaweza kupatana hivi: 3,000 ni ujira wa waliofanya kazi, 2,000 ni ya matumizi ya nyumba, 1,000 ni akiba ya ugonjwa na ada, na 1,000 ni ya kukuza biashara. Kwa siku 26 za kazi katika mwezi, ile 1,000 ya kukuza imekuwa 26,000. Hapo utanunua unga mwingi kwa mara moja, ambao kilo yake kwa kawaida ni nafuu kuliko ya kupima. Jamaa wanaopatana kima chao na kukiheshimu hawana haja ya kufichana. Na ndugu aliyekuja mjini akakaa kwenu, msimfukuze, wala msimwache ale tu. Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe. Hapa jembe ni karai, au ndoo ya maji, au kapu la kuzungushia.

La tatu, ni juu ya mama, na hapa nawaomba wanaume wanisikilize bila kukohoa. Sheria ya Ndoa ya 1971, katika kifungu cha 114, inaipa mahakama uwezo wa kugawa mali ambayo mume na mke waliichuma kwa juhudi za pamoja, pindi ndoa inapovunjwa. Kwa miaka mingi watu walibishana: mke aliyekaa nyumbani, akipika na kulea, amechuma nini? Katika 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikajibu kwamba kazi ya nyumbani nayo ni mchango katika kuchuma mali. Hilo ni neno kubwa, na kila mwanamke katika nchi hii alijue.

Lakini shauri lile lina upande wa pili ambao watu hawapendi kuusimulia. Mke yule alishinda katika hoja, lakini hakupata mgawo wa mali. Mahakama ilikuta kwamba mume alikuwa amempa fedha za kuanzishia mradi wa familia, na fedha zile zimetapanywa, basi ikahesabu kwamba fungu lake limekwisha. Mnaona, ndugu zangu? Haki ya mama inatambuliwa, na wajibu wake vile vile. Siku ya mashaka hakuna atakayeuliza nani alipenda zaidi. Wataulizwa: kiasi gani kiliingia, kiasi gani kilitoka, na nani alifanya nini. Daftari lililoandikwa kila jioni, wote wawili wakitazama, linamlinda mama na linamlinda baba.

Tena si talaka tu. Yako mauti. Sote tumehudhuria msiba ambao, kabla matanga hayajaanuliwa, ndugu wa marehemu wanaingia dukani kuhesabu magunia, na mjane amekaa chini na kanga yake kichwani hana la kuonyesha kwamba nusu ya magunia yale ni jasho lake. Kwa hiyo biashara ikianza kusimama, andikisheni jina la biashara kwa BRELA, na andikisheni majina ya wote walio wenye mali, mke na mume, si la mmoja tu. Karatasi ile ni nyepesi, lakini siku ile itakuwa na uzito kuliko magunia.

La nne, ni juu ya watoto. Biashara ya jamaa isile shule ya mtoto. Mtoto kujifunza kazi kwa wazazi wake ni jambo la asili yetu, na ni elimu. Kuosha vyombo jioni, kuandika hesabu, kumsaidia mama siku ya Jumamosi, yote hayo ni mema. Lakini kumzungusha mtoto na sinia kichwani saa tatu ya asubuhi wenzake wakiwa darasani, huko ni kuuza mbegu. Sheria ya Mtoto ya 2009, kwa Tanzania Bara, imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa mtoto kufanya kazi, tena kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Ukimtoa mtoto shuleni ili akuuzie maandazi, faida ya leo ni shilingi mia mbili mbili, na hasara utaiona miaka kumi ijayo.

La tano, ni juu ya mkopo. Siku hizi wako wakopeshaji ambao watu wenyewe wamewapa jina: “kausha damu”. Unachukua laki moja Jumatatu, na kabla miguu haijapoa wanakuja kubeba godoro. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka mwenye kukopesha kwa biashara awe na leseni. Muulize leseni yake kabla hujamwonyesha nyumba yako. Na mkopo, hata ulio halali, usiwe mwanzo wa biashara. Anza na kidogo mnachokimudu, mwendeshe miezi mitatu kwa daftari, ndipo mjue kama kazi yenyewe inaweza kulipa deni. Msikope ili kujua kama biashara italipa.

Daftari lina faida nyingine ambayo watu wengi hawajaambiwa. Kwa viwango vya kodi vya wafanyabiashara wadogo vilivyowekwa 2019, aliyeuza zaidi ya shilingi 4,000,000 na hakupita 7,000,000 kwa mwaka, kama hana kumbukumbu, alitozwa shilingi 100,000. Mwenye kumbukumbu alitozwa asilimia 3 ya kile kilichozidi zile 4,000,000. Tufanye umeuza 5,000,000. Kilichozidi ni 1,000,000, na asilimia 3 yake ni 30,000. Wawili wana genge sawa, mtaa mmoja, mauzo sawa. Mmoja analipa 100,000, mwingine 30,000. Tofauti yao ni daftari. Viwango hubadilika, na kila mmoja aulize ofisi ya TRA iliyo karibu naye, lakini fundisho halibadiliki: asiyeandika hukadiriwa, na mwenye kukadiriwa hana la kujibu.

Najua yako maneno moyoni mwa baadhi yenu. Mzee mmoja anasema kimya kimya, “Kuandikiana mume na mke ni kutoaminiana. Sisi hatukulelewa hivyo.” Namheshimu mzee huyo. Lakini nauliza: je, tulilelewa bila hesabu? Mwenye ng'ombe anajua kila ng'ombe wake kwa rangi na kwa mama yake. Mahari ilipotolewa, mashahidi walikaa, wakahesabu mbele ya watu, na hapana aliyesema ukwe umeharibika. Wavuvi wakirudi pwani, samaki hugawanywa mchangani mbele ya wote, fungu la chombo, fungu la nyavu, fungu la kila baharia. Wazee wetu hawakuona kwamba kuhesabu ni kutoaminiana. Walihesabu kusudi waendelee kuaminiana. Ndugu hukosana kwa fedha zisizohesabiwa, na aghalabu kila mmoja anaamini kwa moyo safi kwamba yeye ndiye aliyedhulumiwa.

Mwingine anasema, “Ninyi wa chama mnatuambia tukauze maandazi ili tusiwadai barabara na dawa.” La, ndugu yangu. Barabara na dawa tuzidai, na tuzidai kwa sauti. Kidole kimoja hakivunji chawa, na nyumba moja haijengi daraja. Lakini aliyezoea kuuliza nyumbani kwake, “Kiliingia ngapi, kilitoka ngapi?” huyo ndiye atakayesimama katika mkutano wa kijiji na kuuliza swali lile lile juu ya fedha za zahanati, wala hatanyamazishwa kwa maneno matamu. Raia wa kuhesabu huanzia kwenye karai la nyumbani. (Makofi.)

Sasa namaliza, nisije nikawachosha wenye unga wa kukanda alfajiri. Sikuwaambia kwamba biashara itawatajirisha. Nyingine zitashindwa hata zikiwa na daftari, kwa kuwa soko lina mambo yake, na mvua ina yake, na magonjwa yana yake. Lakini itakaposhindwa mtajua ilishindwa wapi, na mtaanza tena mahali hapo bila kulaumiana. Itakapostawi nayo, kila mmoja atajua fungu lake, na hapatakuwa na mjane wa kukaa chini akisubiri huruma.

Naliomba tawi letu lipatane jambo moja dogo leo hii. Nyumba tano za jirani zijiunge. Kila Jumapili jioni wakutane na madaftari yao, wasaidiane kujumlisha, na anayejua kuandika amfundishe asiyejua. Mimi na walimu wenzangu tutazunguka kuwasaidia, bila malipo, hata chai tutakuja nayo wenyewe. Na tukila maandazi yenu, tuandikeni.